Kamera Mbili, Mtambo wa Kioo au Kugeuza Baadaye: Njia Ipi Itakufaa kwa Video ya 3D?

Mtayarishaji anayetaka kutengeneza video ya 3D kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya kamera, na muuzaji humjibu kwa furaha. Ulinganisho huu unaanzia upande wa pili, kwenye macho ya mtazamaji. Njia zilizopo leo ni nne: kamera mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu, mtambo wenye kioo cha kugawa mwanga, video ya kawaida inayogeuzwa kuwa ya 3D baada ya kurekodiwa, na kamera moja yenye lenzi mbili. Kinachozitofautisha zaidi, kuliko bei wala chapa, ni namna kila moja inavyotii au kukiuka mipaka ya macho hayo. Maswali mawili yakishajibiwa, uchaguzi huwa umekamilika kwa sehemu kubwa: skrini itakuwa na upana gani, na kitu kilicho karibu zaidi na lenzi kitakuwa umbali gani.

Macho yanavyopima kina

Jicho moja peke yake linajua mengi kuhusu umbali. Kitu kinachoziba kingine kiko mbele yake. Gari linaloonekana dogo liko mbali. Kingo za barabara hukaribiana kadiri zinavyokwenda. Vilima vya mbali hufifia kwa ukungu. Na ukiwa ndani ya basi, nguzo za umeme hupita mbio huku mlima ukisimama palepale. Alama hizi zote zimo katika video ya kawaida, na ndiyo sababu mtu aliyepoteza jicho moja huweza kuendesha gari na kufurahia filamu.

Macho mawili yanaongeza jambo moja jipya. Mboni za mtu mzima zimeachana kwa wastani wa milimita 63 hivi, kwa hiyo kila jicho huona dunia kutoka mahali tofauti kidogo, na ubongo husoma tofauti hiyo kama kina. Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili London mwaka 1838 kwa kifaa chenye vioo viwili, akitumia michoro ya mkono kwa kuwa upigaji picha ulikuwa haujatangazwa bado. Mwaka 1960 Béla Julesz wa maabara za Bell, Marekani, alikwenda mbali zaidi: alitengeneza jozi za picha za nukta zilizotawanywa ovyo, ambazo kila moja ikitazamwa peke yake haina umbo lolote, lakini zikitazamwa pamoja, moja kwa kila jicho, mraba huibuka na kuelea hewani. Hapakuwa na kivuli, ukungu wala kitu kilichoziba kingine. Tofauti baina ya picha mbili ilitosha.

Hata hivyo, uwezo huu hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka, na hapa ndipo watayarishaji wengi wanapopotea. Chukua mtu mwenye macho mazuri, anayeweza kutambua tofauti ya pembe ya sekunde 20, ambapo digrii moja ina sekunde 3,600. Kwenye umbali wa mita 1 atatofautisha vitu viwili vilivyopishana kwa milimita 1.5 tu kwa kina. Kwenye mita 10 atahitaji vipishane kwa sentimita 15, na kwenye mita 100 kwa mita 15 nzima, kwa sababu hitaji hilo hukua kwa mraba wa umbali. Mtu anayetazama Kilimanjaro akiwa Amboseli anauona mlima huo kwa njia ileile ambayo jicho moja lingeuona. Anayetumaini kwamba kamera mbili zitaupa mlima kina ambacho macho yake hayakukiona, itambidi aziachanishe kwa mamia ya mita, na tokeo lake linajulikana: ubongo, ukiamini kuwa macho yameachana kwa milimita 63 kama siku zote, huuona mlima kama kinyago kidogo kilichowekwa juu ya meza. Nafasi ya lenzi, yaani umbali kati ya lenzi mbili, ikiwa finyu mno, kinyume chake hutokea, na chungu cha kawaida huonekana kikubwa kama tangi la maji.

Skrini ndiyo inayoweka mpaka

Tuite mwachano ule umbali uliopo kwenye skrini kati ya nukta ya picha ya kushoto na nukta hiyohiyo katika picha ya kulia. Nukta hizo zikilaliana, kitu huonekana kwenye skrini yenyewe. Nukta ya jicho la kulia ikikaa upande wa kulia, kitu huenda nyuma ya skrini. Zikibadilishana pande, kitu hutoka mbele na kumkaribia mtazamaji. Mwachano wa nyuma ukifika milimita 63, macho huwa yanatazama sambamba, kama yanavyoutazama mwezi. Ukizidi hapo, macho hutakiwa kufunguka kuelekea nje, kazi ambayo hayakuwahi kuombwa kuifanya tangu mtu alipozaliwa.

Hesabu yake ni ya kutisha kidogo. Tuseme video ina upana wa pikseli 1,920 na kitu cha nyuma kabisa kina mwachano wa pikseli 40. Kwenye runinga yenye upana wa mita 1, hizo ni milimita 21, na mtazamaji anaona kina kizuri kisicho na usumbufu. Ipeleke faili hiyohiyo kwenye skrini ya sinema yenye upana wa mita 10: pikseli 40 zimekuwa sentimita 21, zaidi ya mara tatu ya nafasi ya macho, na ukumbi mzima utaondoka ukishika vipaji vya nyuso. Kwenye skrini hiyo ya mita 10, milimita 63 zinaishia kwenye pikseli 12 tu, wakati runinga ya mita 1 inaruhusu hadi 121. Filamu ya watoto inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa macho ya mtoto mdogo yameachana kwa milimita 50 na ushei, na mpaka wake unafika mapema kuliko wa mzazi aliyekaa naye.

Kwenye skrini ndogo tatizo hugeuka sura. Mwanga unatoka kwenye kioo cha skrini, hivyo lenzi ya jicho hujirekebisha kwa umbali huo, wakati mboni mbili zinageuka ili zikutane pale kitu kinapoonekana kuwa. Katika maisha ya kila siku mambo haya mawili huenda pamoja, na kuyatenganisha kunachosha. Utafiti wa Hoffman, Girshick, Akeley na Banks uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba mgongano huo hudhoofisha uwezo wa kuona na kuleta uchovu. Watengenezaji wengi hujiwekea kikomo cha digrii 1 hivi ya mwachano kwenda mbele au nyuma. Kwenye simu iliyoshikwa sentimita 40 kutoka usoni, digrii 1 ni milimita 7 tu. Kwenye runinga inayotazamwa kutoka mita 2.5 ni milimita 44. Kwa aliyekaa mita 15 kutoka kwenye skrini ya sinema ni sentimita 26, ila huko hawezi kuzitumia kwa vitu vya nyuma, kwani mpaka wa milimita 63 umemtangulia. Kwa maneno mengine, sinema huzuiwa na macho kufunguka nje, na simu huzuiwa na uchovu wa kulenga.

Kuna kosa jingine lisilotegemea ukubwa wa skrini. Kitu kilichotokeza mbele kikikatwa na ukingo wa kushoto au wa kulia wa skrini, alama mbili za kina hupingana: mwachano unasema kiko mbele, lakini ukingo unakiziba, na kinachoziba huwa mbele. Ubongo huamini kuziba, na kina chote cha hapo huporomoka. Wahariri hulitibu kwa kuweka pindo jeusi jembamba kwenye picha ya jicho moja ili ukingo wenyewe uonekane umesogea mbele, lakini dawa nzuri zaidi ni kutoweka bega la mtu karibu na ukingo tangu mwanzo.

Ubavu kwa ubavu, au kwa kioo

Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wengi inasema nafasi ya lenzi isizidi 1/30 ya umbali wa kitu cha karibu zaidi. Ni kanuni legevu, inayofaa kwa lenzi za kawaida na skrini za wastani, na kwa sinema kubwa huwa inabana hadi 1/60 au chini ya hapo. Hata hivyo inatosha kuamua kesi ya kwanza. Kamera mbili zenye mwili wa upana wa sentimita 12 haziwezi kukaribiana zaidi ya sentimita 12, hivyo kitu cha karibu kabisa kinapaswa kuwa mita 3.6 mbele. Hiyo inafaa kwa jukwaa la ngoma, gwaride, mandhari ya pwani au jengo zima. Kwa mtu anayehojiwa huku umekaribia uso wake, haifai kabisa. Kamera ndogo za michezo, zile zinazofungwa kwenye kofia, zina mwili mwembamba na hukaribiana kufikia nafasi ya macho ya binadamu au karibu na hapo, na zimekuwa mlango wa wengi wasio na bajeti.

Mtambo wa kioo unatatua tatizo hilo kwa ujanja wa Wheatstone uliogeuzwa. Kamera moja hutazama mbele kupitia kioo kilicholazwa kwa digrii 45, kioo hicho hupitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu nyingine, na kamera ya pili, iliyosimamishwa juu au chini, huchukua taswira iliyoakisiwa. Kwa kuwa miili ya kamera haigusani tena, nafasi ya lenzi inaweza kushuka hadi sifuri. Mlango wa mbao uliochongwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, unaonyesha tofauti vizuri. Michongo yake ina kina cha sentimita chache, na uchochoro ulio mbele yake mara nyingi haukuruhusu kurudi nyuma. Ukisimama mita 1.2 kutoka mlangoni, kanuni ya 1/30 inakupa sentimita 4; ukisogea hadi sentimita 60 ili misumari ya shaba na majani yaliyochongwa yajaze fremu, inakupa sentimita 2. Kamera mbili za ubavuni hazifiki hapo, na ukizilazimisha, msumari mmoja wa shaba utatoka kwenye skrini kama mkuki huku ubao ulio nyuma yake ukiwa mbali kupita kiasi.

Kioo, kwa upande wake, kina gharama zake. Nusu ya mwanga inapotea kwa kila kamera, maana yake lenzi iliyotosha kwa f/4 sasa itafunguliwa hadi f/2.8 au taa ziongezwe. Picha moja hutoka ikiwa imegeuzwa na lazima irudishwe. Vumbi hupenda kioo hicho, na kufunga na kusawazisha mtambo kunakula saa za asubuhi ambazo mwanga wake ulikuwa mzuri kuliko wote. Usumbufu wa siri zaidi ni ule wa mng'ao: mwanga unaoruka kutoka kwenye maji, kioo cha gari au paji la uso lenye jasho una mwelekeo wake wa mtetemo, na kioo cha digrii 45 huakisi mwelekeo mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo jicho moja huona bahari inang'aa na jingine huiona imefifia. Bamba la robo ya wimbi, kichujio kinachochanganya mielekeo hiyo ya mtetemo, likiwekwa mbele ya kioo hupunguza tatizo hilo, na anayekodi mtambo kwa kazi ya baharini asikubali kuuchukua bila bamba hilo.

Njia zote mbili zinadai usawa ambao mtu aliyezoea kamera moja hautarajii. Macho hayana uwezo wa maana wa kugeuka moja juu na jingine chini, hivyo picha moja ikipanda kwa pikseli chache, mtazamaji huumia bila kujua kwa nini. Programu za uhariri huweza kurekebisha hilo pamoja na tofauti za rangi. Tofauti ya wakati haina marekebisho rahisi. Kamera mbili zinazorekodi fremu 25 kwa sekunde bila kuunganishwa saa zake zinaweza kupishana kwa nusu fremu, yaani sekunde 0.02. Mtu anayekatiza mbele yako kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, husogea milimita 28 katika muda huo. Milimita hizo huongezwa au kupunguzwa kwenye nafasi ya lenzi ya milimita 63, kutegemea anaelekea upande gani, na hivyo mtu aliye mita 3 mbele huonekana kama yuko mita 2.1 akienda upande mmoja na mita 5.4 akirudi, huku miguu yake ikikanyaga ardhi isiyosogea. Mjerumani Carl Pulfrich alieleza mwaka 1922 jambo la jamii hiyohiyo, linalotokea jicho moja likifunikwa kwa kioo cheusi na taarifa zake zikachelewa kufika; yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na jicho moja linaloona, hakuweza kulishuhudia. Kamera za bei nafuu zisizo na tundu la kuunganisha saa zibaki kwenye vitu visivyosogea. Hili silioni kama pendekezo la kujadiliwa.

Sambamba, au zimeinamiana

Iwe ni ubavu kwa ubavu au kwa kioo, utaulizwa kama lenzi zitazame sambamba au zielekezwe ndani zikutane kwenye kitu kikuu. Kuinamisha kunavutia kwa sababu kunafanana na yanavyofanya macho, na kwa sababu kina kinaonekana kimekaa mahali pake palepale kwenye kiwambo cha kutazamia. Ila jicho lina retina iliyopinda, na kamera ina kihisi, yaani kipokea picha chake, kilicho bapa. Lenzi ikiinama, ukuta ulio mbele yake hugeuka trapeza, na kwa kuwa kamera mbili zimeinama pande tofauti, trapeza zake hazilingani: kwenye pembe za picha, nukta ya kushoto iko juu na ya kulia iko chini. Huo ndio mwachano wa wima ambao macho hayauwezi.

Kamera sambamba hazina kasoro hiyo, lakini huweka kila kitu mbele ya skrini hadi mhariri azisogeze picha mbili kwa mlalo na kukata kingo zisizolingana. Zamani, pikseli zilipokuwa chache, hasara hiyo iliuma. Leo ukirekodi kwa 4K na kutoa kwa upana wa pikseli 1,920, haipo. Chaguo langu ni sambamba karibu kila mara, na kuinamisha kubaki kwa pembe ndogo sana, pale mteja anapotaka kuona picha iliyokamilika papo hapo. Jambo moja lisichanganywe: kusogeza picha kwenye uhariri kunahamisha kina chote mbele au nyuma, lakini hakukipunguzi wala kukikuza. Ujazo wa kina uliamuliwa na nafasi ya lenzi siku ya kurekodi.

Lenzi ndefu zina mtego wake. Huongeza mwachano kati ya vitu vya mbali na vya karibu, huku kila kitu chenyewe kikikosa unene, hivyo wachezaji wa mpira huonekana kama picha za karatasi zilizosimamishwa kwa kupishana. Mechi 25 za Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010 zilirekodiwa kwa 3D, na ESPN nchini Marekani ilizindua chaneli yake ya 3D kwa mashindano hayo kisha ikaifunga mwaka 2013. Miwani na bei ya runinga vililaumiwa sana, na kwa haki, lakini kamera iliyoko juu jukwaani, makumi ya mita kutoka kwenye mpira, haikuwa na kina kikubwa cha kumpa mtazamaji tangu awali.

Kugeuza baada ya kurekodi

Katika njia hii unarekodi kwa kamera moja, lenzi yoyote, mwanga wote, kisha wasanii hutenga kila kitu kwenye fremu, hukipa umbali wake, hutengeneza picha ya jicho la pili, na kuchora upya sehemu zilizokuwa zimezibwa ambazo jicho hilo la pili lingeziona. Ikifanywa kwa uangalifu inapendeza. Titanic, filamu ya mwaka 1997, ilirudi kwenye sinema ikiwa 3D mwaka 2012 baada ya kazi iliyotajwa kuchukua wiki 60 na dola milioni 18. Takwimu hizo zinasema ukweli mmoja wa kibiashara: kugeuza kunaonekana nafuu siku ya kurekodi, na bili huja baadaye.

Faida yake ni uhuru. Mhariri anaweza kumpa mhusika unene unaostahili hata kama alipigwa kwa lenzi ndefu, kuupunguza mwachano wa nyuma kwa ajili ya sinema na kuuongeza kwa ajili ya runinga, jambo ambalo kamera mbili hazirudii. Udhaifu wake uko kwenye vitu visivyo na ukingo: moshi, mvua, nywele zilizotawanyika, majani ya mnazi yenye upepo, wavu wa mvuvi. Kioo na maji ni vigumu zaidi, kwa sababu pale fremu ina umbali wa aina mbili kwa mahali pamoja, uso wa maji na taswira ya mtumbwi iliyomo ndani yake. Tena mng'ao wa kweli wa maji hauko mahali pamoja kwa macho yote mawili, na tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya yang'ae. Picha iliyogeuzwa ikibandika mng'ao uleule kwa macho yote, maji huonekana kama yamepakwa rangi.

Programu za akili unde zinazokadiria kina kutoka kwenye picha moja zimeshusha gharama hii kwa kasi, na kwa video fupi za mitandaoni zinatosha. Zinajifunza alama zilezile za jicho moja, hivyo hukosea pale alama hizo zinapodanganya. Weka nyuma ya mtangazaji bango lenye picha ya ufuo, na kuna uwezekano programu ikachimba shimo ukutani na kuipeleka bahari mbali. Pia ukadiriaji unaweza kubadilika kidogo kutoka fremu hadi fremu, na kina kikaanza kupumua. Kwa kanda za zamani za maktaba, ambazo haziwezi kurekodiwa tena, hii ndiyo njia pekee na hakuna la kulinganisha.

Lenzi mbili kwenye mwili mmoja

Njia ya nne imekua pamoja na miwani ya uhalisia pepe (VR). Canon ilitangaza mwaka 2021 lenzi ya macho ya samaki mawili, yaani yenye lenzi mbili za kuona kwa upana sana, RF 5.2mm, ambayo vitovu vyake vimeachana kwa milimita 60 na inarekodi digrii 180 kwenye kihisi kimoja. Kihisi kimoja maana yake picha mbili hazipishani kwa wakati hata kidogo, na usawa wa wima umewekwa kiwandani. Kwa sifa hizo mbili peke yake inaondoa nusu ya maumivu niliyoyaeleza hapo juu.

Katika miwani hiyo, mtazamaji yuko ndani ya picha na kila kitu kinaonekana kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo nafasi ya lenzi inapaswa kufanana na ya macho. Uhuru wa kuibadilisha haupo. Huwezi kusogea hadi sentimita 30, na mazoea mazuri ni kuacha angalau mita 1. Mtazamaji akiinamisha kichwa begani, picha zilizorekodiwa kwa mlalo hazimfuati, na mwachano wa mlalo huwa umepinda kwake. Kamera ikitembea wakati mwili wa mtazamaji umekaa, sikio la ndani hupinga, na kichefuchefu hufuata. Kamera isimame kwenye stendi, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa au aliyesimama.

Simu nazo zimeingia. iPhone 15 Pro ilianza kurekodi video za aina hii Desemba 2023, kwa kutumia lenzi mbili zilizoachana kwa milimita 19 hivi. Hiyo ni chini ya theluthi ya nafasi ya macho. Kanuni ya 1/30 inaruhusu kitu kiwe karibu kama sentimita 57, hivyo mtoto anayekata keki ya siku ya kuzaliwa anatoka vizuri sana, lakini bwana harusi akiwa upande wa pili wa ukumbi atakuwa bapa kama kwenye video ya kawaida. Kwenye Vision Pro, miwani ya kampuni ya Apple, video hizo zinaweza kutazamwa ndani ya fremu yenye kingo zilizofifishwa, na ufifishaji huo unaficha kwa werevu kosa la vitu vinavyokatwa na ukingo.

Kwa kazi uliyonayo

Kwa sherehe, kumbukumbu za familia na video za kutazamwa kwenye miwani, chukua lenzi mbili kwenye mwili mmoja na usilipe zaidi. Kwa jukwaa, maonyesho ya wazi na majengo, yaani popote ambapo hakuna kitu kilicho karibu kuliko mita 3.6, kamera mbili za ubavuni zenye saa zilizounganishwa zinatosha, mradi uwe na mtu mwenye subira ya kuzisawazisha. Kazi ya mkono, upasuaji wa mafunzo, uchongaji, chakula na nyuso za karibu vinataka kioo, na hapo bajeti ya taa iandikwe sambamba na ya mtambo. Werner Herzog alipopeleka 3D ndani ya pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, kwa filamu yake ya mwaka 2010, alikuwa na sababu ambayo kamera moja isingeijibu: wachoraji wa kale walitumia mibinuko ya mwamba kuwapa wanyama miili, na bila kina mibinuko hiyo haionekani. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya watu wachache na taa zisizotoa joto, wakipita juu ya njia nyembamba ya chuma, kwa hiyo hata vifaa vilibidi viwe vidogo na kufungwa humohumo. Swali la kama kina kinaongeza kitu, au kinapamba tu, liulizwe kwa ukali huohuo hata kwa tangazo la sekunde 30.

Drama yenye mavazi, moshi wa jikoni na mazungumzo ya karibu ndiyo kesi ngumu. Kioo kitaipa ukweli wa macho. Kugeuza kutampa mwongozaji uhuru wa lenzi na kasi ya kurekodi. Kama una wiki chache za uhariri na fedha kidogo, kioo. Kama waigizaji ni ghali kwa siku kuliko wahariri, kugeuza, kwa sharti kwamba msimamizi wa kazi hiyo yuko eneo la kurekodi na anapima umbali wa vitu kwa futi ya mkononi, badala ya kuukisia miezi sita baadaye.

Mahali pa kutazamia napo pamepungua, na hilo lipimwe kabla ya kutia saini. LG na Sony ndizo zilizokuwa za mwisho miongoni mwa watengenezaji wakubwa kuacha runinga za 3D, mwaka 2017, kwa hiyo mteja anayesema video itaonyeshwa "kwenye TV" aulizwe ni TV ipi. Zilizobaki ni sinema, miwani ya uhalisia pepe, maonyesho ya makumbusho na miwani ya bei ndogo ya kuwekea simu. Pale ambapo mteja hajui, rekodi kwa skrini kubwa kuliko zote anazozitaja, kwani kina kidogo kwenye skrini ndogo huonekana hafifu tu, wakati kina kikubwa kwenye skrini kubwa huumiza. Kisha kwa kila kipande unachorekodi andika kwenye ubao wa kuanzia namba nne: nafasi ya lenzi, umbali wa kitu cha karibu, umbali wa kitu cha mbali, na upana wa skrini uliokusudiwa. Mhariri anaweza kubahatisha rangi na sauti kwa kutazama na kusikiliza, lakini namba hizo nne hatazipata kutoka kwenye faili.